Wasifu unaomtosha askari mstaafu aliyepikia watu

Wasifu mwingi unaosomwa msibani unafanana. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, alikuwa mkarimu, alipenda watu wote. Wanaosikiliza wanatikisa kichwa, na kabla ya jua kuzama hakuna anayekumbuka kilichosemwa. Mtu aliyelitumikia jeshi, akarudi uraiani akashika mwiko, kisha akawapikia wenzake bila malipo mpaka nguvu zikamwisha, amestahili zaidi ya hapo. Ukarimu wa mtu wa namna hiyo unapimika: una kilo, una lita, una saa ya kuamka. Ukikabidhiwa kalamu, andika hivyo vipimo.

Anza na jeshi, kwa kuwa huko ndiko karatasi ziliko. Omba familia cheti cha kumaliza utumishi, barua, medali na picha. Ukipata namba yake ya utumishi, inakili kwanza kabla ya jambo lingine lolote. Majina hufanana na kila karani huyaandika anavyosikia, ila namba ni ya mtu mmoja. Nchi nyingi huwaruhusu ndugu wa karibu kuomba kumbukumbu za marehemu, lakini majibu huweza kuchukua miezi, hivyo usiyangoje kwa ajili ya mazishi. Medali zitazame ukingoni kwa kioo cha kukuzia: baadhi huchongwa namba, cheo na jina. Usizisugue kwa dawa ya kung'arisha, maana kila ukisugua unakula maandishi.

Picha nazo husema mengi. Alama za cheo mkononi au begani zitakusaidia kukadiria mwaka. Katika majeshi mengi medali huvaliwa kifuani upande wa kushoto. Ukiziona kulia, huenda picha ilisafishwa ikiwa imegeuzwa, na vifungo vya koti vitakuthibitishia. Au basi aliyevaa si mwenyewe, ni ndugu anayemwakilisha, kwani zipo nchi ambako ndugu huvaa medali za marehemu upande wa kulia. Picha ndogo ipige skani kwa nukta 600 kwa inchi, kisha majina yaandike nyuma, pembeni, kwa penseli laini. Wino wa kalamu hupenya hadi mbele.

Makosa mawili hutokea mara kwa mara hapa. La kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Vijana wengi katika vita vingi waliongeza umri ili waandikishwe, kwa hiyo cheti cha jeshi kinaweza kupingana na cheti cha kuzaliwa au kumbukumbu za dini. Usichague kimyakimya, waonyeshe wafiwa zote mbili waamue. La pili ni kumkweza. Kuwa jeshini wakati wa vita si lazima kuwa mstari wa mbele, na mpishi wa kikosi hahitaji kupewa bunduki na hadithi ili aonekane askari. Kuwalisha watu mia mbili alfajiri, kwa maji ya kugawiwa na kuni mbichi, ni utumishi kamili. Ukiandika vita asivyopigana, yupo mzee atakayeketi pale mbele ambaye alikuwa naye kikosi kimoja, na ataujua uongo huo mara moja.

Sasa jikoni. Hapa usikimbie, kwa sababu hapa ndipo mtu mwenyewe alipo.

Mpishi wa watu wengi huwa haandiki. Vipimo vyake vimo kwenye vyombo, basi vipime vyombo kabla familia haijavigawa. Jaza sufuria yake kubwa kwa jagi la lita moja, ukihesabu, mpaka pale alipokuwa akiishia. Jaza upawa wake maji uyamimine kwenye kikombe chenye alama. Kikombe chake cha mchele kipime kwenye mizani. Mara nyingi ni kopo tu la zamani, na mtu akitumia kikombe kingine chakula kitaharibika, halafu itasemwa kwamba marehemu alikuwa na siri. Hakuwa na siri. Alikuwa na kopo.

Kisha ulinganishe na makadirio ya kawaida ili ujue kama umesikia sawasawa. Mchele mkavu gramu 80 hadi 100 kwa mtu mzima, yaani kilo 8 hadi 10 kwa watu 100. Maharage makavu gramu 50 au 60 kwa mtu, yaliyolowekwa saa 8 hadi 12. Maji ya wali hayazidishwi sawasawa na mchele: maji yanayopotea kwa mvuke hutegemea upana wa sufuria na muda, si wingi wa mchele, kwa hiyo ukizidisha kipimo cha sufuria ndogo mara hamsini utapata uji. Waliomsaidia waulize alipunguza kiasi gani. Waulize pia chumvi aliitia lini. Wapishi wa sufuria kubwa hutia sehemu tu mwanzoni na kumalizia baada ya mchuzi kupungua, kwani iliyozidi haitoki.

Uliza aliyokataza, maana makatazo ya mpishi humwonyesha kuliko sifa. Kama hakuruhusu maharage mekundu yapikwe kwa moto wa chini tangu mwanzo, alikuwa na haki: yana sumu ya asili inayohitaji kuchemka kwelikweli, dakika 30 ndiyo salama. Kama alifoka kila alipoona sufuria ya mchuzi imefunikwa ilale hadi asubuhi, napo alikuwa na haki. Lita 40 hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, na kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemka, kisha huzaana humo mchuzi unapopoa polepole. Chakula kilichobaki hugawanywa kwenye trei pana, kimo kisizidi sentimita 5, kikipoa kiingie kwenye jokofu, na kabla ya kuliwa kipashwe moto hadi nyuzi 75 katikati. Mtu aliyesimamia hilo miaka yote bila mlo wake kumwangusha mtu kitandani, andika sentensi hiyo peke yake. Inamtosha.

Kwa kazi ya kujitolea, karatasi ni chache. Itabidi uwafuate watu. Usiwaulize "alikuwa mtu wa namna gani?" maana utarudi na "mtu mwema" kumi. Uliza alifika saa ngapi, alibeba nini, nani alikuwa na ufunguo, mvua iliponyesha ilikuwaje, alimfundisha nani kukata vitunguu. Kisha chuja. Aliowalisha au kuwalipia kwa siri wasitajwe majina, hata kama familia inajivunia. Aliwasitiri akiwa hai, nawe wasitiri.

Urefu usizidi kurasa mbili. Ukurasa mmoja wa A4, ukisomwa polepole kama inavyopasa msibani, huchukua dakika kadhaa. Chapa kwa herufi za ukubwa wa 14, nafasi moja na nusu, na usiache sentensi ivuke ukurasa, kwa sababu msomaji mwenye machozi hupotea hapo hapo. Mapishi yenyewe usiyasome. Yaweke kwenye karatasi ya pembeni ya kugawa, yakiwa na kipimo cha watu 10 na cha watu 100 kila kimoja peke yake, ili asiwepo wa kuzidisha mwenyewe.

Kabla ya kuchapa, wape wawili wausome: mmoja aliyetumikia naye, mmoja aliyepika naye. Wa kwanza atasahihisha vyeo na vituo, wa pili atakwambia kilo ulizokosea.