Kabla hujasaini kile kijitabu

Kila mwaka, wiki ya mafunzo elekezi, hupewa dakika kumi ukumbini, katikati ya mtu wa bima ya afya na mtu wa maktaba. Mbele yangu kuna mamia ya vijana waliochoshwa na foleni ya usajili, wengine wamekumbatia mito mipya ikiwa bado ndani ya nailoni, na mimi natakiwa niwaeleze kanuni zote za hosteli na za mwenendo chuoni. Haiwezekani. Nasoma vichwa vya vifungu, wanapiga makofi, halafu wanakwenda dirishani kusaini fomu iliyoandikwa "nimesoma na nimeelewa". Nawaona wanavyosaini: fomu iko juu ya mgongo wa mwenzao, kijitabu chenyewe cha kanuni kiko chini ya kwapa, hakijafunguliwa.

Mimi ni wadeni, yaani msimamizi, wa hosteli ya wasichana katika chuo kimoja hapa Tanzania, na mchana nafundisha takwimu. Darasani naitwa Madam, hosteli naitwa Mama Wadeni, na kuna mmoja mwaka jana aliniamkia "shikamoo bibi", tukaelewana. Nimeishi na kile kijitabu muda mrefu, na ninachotaka kuwaambia mnaoingia mwaka huu ni kwamba hakikuandikwa na mtu mmoja mwenye roho ya kukataza. Karibu kila kifungu kina mtu nyuma yake, ama aliumia, ama aliumiza. Wanasheria wa chuo wamemwondoa huyo mtu, wakabakiza "ni marufuku kwa mwanafunzi yeyote". Ndiyo maana hakisomeki. Hapa nitajaribu kuwarudisha baadhi ya watu hao, bila majina yao.

Chukua kifungu cha vifaa vya umeme. Wanafunzi wanaamini chuo kinabania umeme wa LUKU. Kisa chenyewe ni hiki: binti wa mwaka wa pili alitumbukiza hita kwenye ndoo ya plastiki asubuhi ili apate maji ya moto. Umeme ukakatika. Akaenda kuoga maji ya bomba, akavaa, akawahi kipindi cha saa mbili, hita ikabaki ndani ya ndoo na swichi ikiwa imewashwa. Umeme ulirudi saa nne. Maji yakachemka mpaka yakakauka, ndoo ikayeyuka, godoro la kitanda cha chini likashika moto. Hakuna aliyeungua, tunamshukuru Mungu. Lakini chini ya godoro lile mwenzake, ambaye hata hita hakuwa nayo, alikuwa ameficha bahasha ya vyeti vyake halisi vya kidato cha nne na cha sita. Aliyewahi kufuatilia cheti kilichopotea anajua safari yake: polisi upate ripoti, gazetini utoe tangazo, kisha Baraza la Mitihani ujaze fomu, ulipe na usubiri. Mwenye hita alisimamishwa wiki mbili. Mwenye vyeti alihangaika muhula mzima. Kwa hiyo hita iache nyumbani, na vyeti halisi ukishamaliza usajili viweke kwenye tranka lenye kufuli, si chini ya godoro.

Siku hiyohiyo ndiyo nilielewa kifungu cha kubebana. Kwa msiojua, kubebana ni kumlaza kitandani kwako mwenzako asiyepata chumba, jina lake halimo kwenye orodha na hajalipa. Sitajifanya mgumu hapa. Vitanda havijawahi kutosha katika vyuo vyetu, na aliyebebwa mara nyingi ni mtoto wa mtu maskini ambaye chumba cha mtaani kwa miezi sita kingemmaliza. Hosteli za Magufuli pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilipofunguliwa Aprili 2017, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, tulidhani neno lenyewe litakufa. Lipo hai mpaka leo, na siyo Mlimani tu. Lakini siku ya moto ule nilisimama uwanjani na orodha mkononi, nikiita majina huku moshi unatoka dirishani, na sikuweza kujua kama wote wametoka. Saa nne asubuhi wasio na kipindi bado wanalala. Walioandikwa kwenye karatasi yangu na waliolala mle ndani hawakuwa watu walewale. Ikiwa huna pa kulala, njoo useme. Kila muhula kuna vitanda vinavyoachwa na walioahirisha masomo, na anayeitwa kwanza ni yule ninayejua kwamba hana pa kulala.

Simu kwenye chumba cha mtihani: hata ikiwa imezimwa, ikikutwa mfukoni ni kesi. Hakuna mjadala, tuendelee.

Kifungu ninachotaka msome mara mbili ni kile cha udhalilishaji. Kimechosha kwa lugha, kina "kwa maneno, maandishi, picha au kwa njia nyingine yoyote", na vijana wanakiruka wakidhani kinahusu watu wabaya wa mbali. Mimi niliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya tisini, na dada wa mwaka wa tatu aliyenipokea aliniambia habari za Mzee Punch kabla hajanionyesha bwalo liko wapi. Punch hakuwa mtu. Lilikuwa kundi la wanafunzi wa kiume wasiojulikana, waliobandika michoro na maandishi ukutani. Wazee wa chuo watakuambia mwanzoni ilikuwa dhihaka tu, ya kumsuta mtu mwenye tabia mbaya, na wengine bado wanaisimulia wakicheka. Ilivyofikia miaka ya themanini, waliobandikwa walikuwa zaidi wasichana, na kosa lao mara nyingi lilikuwa kumkataa mwanaume fulani. Ukishapanchiwa, yaani ukishabandikwa na Punch, huguswi. Wenzako wanakukwepa kwenye meza ya chakula, kwa sababu anayeonekana na wewe anaweza kuwa wa kesho. Na hakuna aliyethubutu kulibandua lile karatasi.

Februari 1990 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aitwaye Levina Mukasa alijitoa uhai baada ya kuandamwa na kudhalilishwa namna hiyo. Wanawake waandishi wa habari na wanaharakati walipiga kelele, Punch akapigwa marufuku, na ndipo vyuo vikaanza kuandika kwa uzito yale maneno yanayowachosha. Mimi nilimkuta Punch ameshaondoka. Nilichokikuta ni wasichana waliokuwa bado wanatembea wakiangalia kuta.

Nalisimulia hili kila mwaka na kila mwaka kuna kijana ananiambia, "Lakini Madam, hayo ya zamani." Ya zamani? Kuna kundi la WhatsApp la darasa lako ambalo utaunganishwa ndani ya wiki hii. Baada ya mwezi litazaliwa la pili, la wavulana peke yao, na baada ya hapo atatokea mtu asiye na jina mwenye ukurasa wa udaku wa chuo. Mwaka juzi binti wa kwetu aliwekwa huko: picha yake, namba ya chumba chake na maneno nisiyoweza kuyaandika. Ilipofika mezani kwetu, tuligundua aliyeanza ni mmoja tu. Waliosambaza walikuwa makumi, na karibu wote walijitetea kwa sentensi moja: "Mimi nilifowadi tu." Nikawauliza, ni nani kati yenu aliyeandika pale kundini "jamani acheni"? Kimya. Hata mmoja hakupatikana.

Wapo wanaodhani hili ni suala la kamati ya nidhamu tu. Tangu 2015 kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao, na haina habari na umri wako wala mwaka wako wa masomo. Ukisambaza koneksheni ya mtu, yaani picha au video zake za faragha, kesi inaweza kuanzia kwangu ikaishia mahakamani. Lakini nitakuwa mkweli: adhabu ninaijua, na sijaona kama ndiyo inayowazuia. Kinachozuia ni yule mmoja anayeandika "acheni" mapema, kabla kicheko hakijakolea. Natafuta huyo mtu kila mwaka.

Linalofuata sijaruhusiwa kulisema ukumbini kwa urefu, kwa sababu wahadhiri wenzangu wamekaa mstari wa mbele. Mhadhiri akikuita ofisini jioni "tuongelee kozi weki yako", na mazungumzo yakageuka, hiyo ina jina: rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamlenga mwenye mamlaka anayetaka ngono ili atoe haki au upendeleo. Hujakosea kwa kuitwa. Hujakosea kwa kuvaa ulichovaa. Usifute ujumbe hata kama unakutia aibu, upige picha skrini na umtumie mtu unayemwamini. Nenda Dawati la Jinsia la chuo, na kama huliamini dawati kwa sababu wote wanafahamiana, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana namba 113 na haikatwi salio. Wavulana msijitoe kwenye hili, nimeshapokea kesi ya kijana pia. Na kwa upande wa pili: alama za bure hazitafutwi kwa kumzungukia mhadhiri na tabasamu. Ninafundisha takwimu, najua mtihani wa mtu aliyesoma unavyofanana.

Nimetaja mavazi. Getini utakuta bango la mavazi yasiyoruhusiwa, lenye alama nyekundu za mkasi, na ukilitazama utaona picha za wasichana ni nyingi kuliko za wavulana. Nimelisema hilo kikaoni zaidi ya mara moja na bango bado lipo. Kanuni ipo, mlinzi atakurudisha, na mimi nitakuambia ukabadilishe kwa sababu nimeajiriwa kuisimamia. Ila sitaki mtu atoke pale akiamini kwamba suruali iliyochanika magotini na mhadhiri anayeomba ngono ni makosa ya uzito mmoja kwa kuwa yamo kwenye kijitabu kimoja.

Mwaka jana mmoja aliuliza swali zuri: "Madam, kwa hiyo kuandamana ni marufuku?" Mikusanyiko bila kibali, ndiyo, imekatazwa. Nikamsimulia ya Oktoba 22, 1966. Wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewakata sehemu kubwa ya mshahara kipindi cha utumishi wao. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha nyumbani zaidi ya 300. Palepale akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kijana akauliza, "Sasa nani alishinda?" Sikumjibu, nikamwambia aende maktaba, kuna kazi nyingi zimeandikwa juu ya siku ile na hazikubaliani. Ninachoweza kumwambia kama wadeni ni kwamba serikali ya wanafunzi ipo, ina wawakilishi wa kila hosteli, na maji yakikatika siku tatu barua yao inafika mbali kuliko kelele za koridoni saa sita usiku.

Bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, halimo kwenye kijitabu, ila kesi zangu nyingi zina mkono wake. Ukiwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo utapewa 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, lakini haiji kwa siku, inaingia ya miezi miwili kwa mpigo. Kijana ambaye hajawahi kushika laki sita zake mwenyewe anaamka nazo. Wiki hiyo hosteli inanuka kuku wa kukaanga na kila mtu ana simu mpya. Wiki ya sita wanaanza kugombana kwa ajili ya unga wa mtu, sukari ya mtu, na mimi naitwa saa nne usiku kuamua kesi ya mafuta ya kula. Huo ni mkopo, utakatwa asilimia 15 ya mshahara ukiajiriwa, kwa hiyo yule kuku utaendelea kumlipia ukiwa na watoto. Weka mpango wa siku sitini kabla hujasaini. Na ukiishiwa, usikope kwa mwenzako chumbani bila shahidi. Nimeshasuluhisha hizo, ni chungu kuliko za wapenzi.

Vyumba vitafunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Njoo na risiti ya malipo, picha mbili za pasipoti, kufuli lako mwenyewe na ndoo yenye mfuniko. Chumba ukikikuta kina kitasa kibovu au dirisha lililovunjika, andika kwenye fomu ya makabidhiano siku hiyohiyo, maana kisichoandikwa utadaiwa wewe mwezi wa saba. Wazazi wanaosindikiza wanaruhusiwa kuingia mpaka saa kumi na mbili jioni. Akina baba watasubiri kwenye benchi la mlinzi, na kabla hawajauliza: hapana, hata kubeba godoro hadi ghorofa ya tatu hawaruhusiwi, tunao wasichana wa mwaka wa pili wanaojitolea kubeba.