Labda ndo uzee, wifi

Wiki hii mdogo wangu kapeleka posa Tanga na imepokelewa, ofisini wametangaza idara yetu inaunganishwa na ya mauzo, na mi kinachonikosesha usingizi ni maneno manne ya mama, ambaye aliugua mkanda wa jeshi, vile vipele vya upande mmoja wa mwili, na mpaka leo ubavu unamuuma.

Jumapili shangazi alikuja kutuona Mbagala. Mnaomjua mnajua hakai dakika kumi hajakagua nyumba. Akamkuta mama sebuleni na dera lake, upande wa kushoto kalivuta mbali na mbavu akalibana na kibanio cha nguo kwenye mkono wa kochi ili kitambaa kisimguse. Shangazi akamwangalia mama, akaangalia kibanio, akasema, "Wifi, vidonda si vilishakauka toka Ramadhani? Sasa hayo maumivu yanatoka wapi? Au unataka wanao wakudekeze?"

Mama akacheka. Akasema, "Labda ndo uzee, wifi."

Afu akaniangalia mimi, yaani kwa kuibia, kama anataka kujua na mi naamini hivyo. Hilo jicho ndo sijaweza kulitoa. Kwenye mwendokasi naliona, nachambua mchicha naliona. Shangazi ni shangazi, na isitoshe kwetu shangazi hajibiwi, nikamkaribisha chai yakaisha. Maneno yake ya kwanza kabisa, kwamba mkanda wa jeshi ni wa wenye ngoma, tulishayavuka, mama alipima akakutwa salama, hiyo habari niliwaandikia. Ila huyu ni mama ambaye alikuwa anajifungua leo na wiki haijaisha yuko jikoni anakaanga vitumbua vya kuuza, leo anaanza kujishuku mwenyewe kama anadeka! Usiku anaumwa mpaka anakaa kitandani anahesabu adhana, panado anakunywa kama desturi tu maana haimsaidii kitu.

Jumatano ilikuwa kliniki. Daktari ni binti tu, hata thelathini sidhani. Mama akamuuliza swali la shangazi neno kwa neno, dokta vidonda vimekauka, sasa haya yanatoka wapi. Yule binti hakucheka. Akageuza karatasi ya vipimo akachora uti wa mgongo, na pembeni yake akachora kifundo kidogo, akasema mama, hapa. Tetekuwanga uliyougua utotoni ilipona lakini kirusi chake hakikutoka, kilijificha kwenye vifundo vya neva kama hiki miaka yote, umri ukienda kinga ikalegea, kikaamka kikafuata neva moja mpaka kwenye ngozi, ndo maana vipele vilikaa upande mmoja tu. Sasa kinga iliposhtuka, seli zake zikaanza kumwaga saitokini, yaani kemikali za kuitana, njooni huku kuna adui, na kila seli zinazofika nazo zinaita wenzao. Kifundo kikavimba. Kirusi kimeharibu chake na uvimbe umeharibu wake, na hizo hizo saitokini zinaifanya neva ya maumivu iwe inashtuka kwa kitu kidogo. Vipele vikaondoka, neva ikabaki na majeraha, na mguso wa kitambaa tu ukifika kwenye uti wa mgongo unasomwa kama moto.

Mama akasema, "Kumbe sungusungu! Mwizi keshakimbia, wao wamevunja mlango wa mwenye nyumba." Binti akacheka, akasema ndo hivyo hivyo mama, na maumivu yakipita miezi mitatu hayo si ya vidonda tena, ni ugonjwa wa neva wenyewe na una dawa zake. Kamwandikia amitriptilini kidogo usiku, dawa ambayo kwa dozi kubwa wanapewa watu wenye sonona. Akasema pia dawa ya kupunguza kirusi inatakiwa uianze ndani ya saa 72 vipele vikitoka, kwa hiyo ukiona mtu kaanza usimpeleke kupakwa majivu kwanza.

Usiku nikasoma. Mwaka 1900 madaktari wawili waliokuwa Uingereza, Henry Head na Campbell, walichunguza maiti za watu waliougua mkanda, wakakuta vile vifundo vimevimba na vimevuja damu ndani. 1900! Na mama yangu hapa Mbagala anaulizwa kama anadeka.

Kilichonifurahisha ni Alhamisi, mama kapiga simu mwenyewe, kaweka spika. "Wifi, uliniuliza yanatoka wapi. Yanatoka kwenye kifundo cha mgongo." Kamwelezea yote na sungusungu wake, afu akamalizia, "Na wewe si uliugua tetekuwanga, hilo kovu juu ya nyusi si ndo lenyewe? Basi na wewe unacho." Shangazi kanyamaza mpaka mama akadhani salio limeisha. Mwisho akauliza kwa upole, sijawahi kumsikia mpole hivyo, kwani kinaamka lini?

"Uzee ukiingia, wifi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kibanio bado kipo kwenye kochi, dawa inataka wiki kadhaa, lakini jana kalala mpaka alfajiri.

Sasa kingine. Mwenye nyumba kapita juzi na fundi, wakapima ukuta wa uani kwa futi kamba, wakaandika, wakaondoka bila kusema wanapima nini. Kodi yetu inaisha mwezi ujao na hajagusia kuongeza mkataba. Aliyewahi kupimiwa ukuta hivi aniambie kilichofuata.