Misumari ya Risasi

Siku mbili tulikaa Hokitika tukisubiri mawingu yapande ili turushwe milimani kukarabati kibanda cha zamani cha wawindaji. Rubani wa helikopta alikuwa akitoka nje, anatazama milimani, anatikisa kichwa, anarudi kwenye chai yake. Mimi ni mtu wa Marangu, masika nayajua tangu nikiwa mgongoni kwa mama, lakini mvua ya pwani ya magharibi ya New Zealand ilinitia adabu. Siku ya tatu, saa moja asubuhi, akasema twende.

Robo saa hewani, kisha tukashushwa juu ya mawe kando ya mto pamoja na mabati, mbao na ndoo ya skrubu. Helikopta ilipoondoka pakawa kimya, halafu usubi ukafika. Kwetu usubi unatajwa pamoja na ule upofu wa watu wanaoishi kando ya mito. Wa huku hauna ugonjwa, ila unauma kama unalipwa kwa kidonda.

Tulikuwa wanne: mwalimu wa kike, mwanafunzi wa chuo, mimi fundi bati niliyekuja Christchurch kujenga mji baada ya tetemeko la Februari 2011, na mzee anayekaribia miaka 80. Huyo nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza. Aliponiuliza maana yake nikamweleza, akakubali kuitwa hivyo.

Kibanda kilikuwa ukingoni mwa msitu. Rangi ya chungwa iliyopauka, mlango mmoja, dirisha moja, vitanda vinne vya mbao. Jiko la mama yangu ni kubwa kuliko hicho.

Mzee alikilalia ujanani, akiwa mwindaji wa serikali. Walowezi walileta kulungu kutoka Uingereza karne ya 19 ili wapate cha kuwinda. Msitu haukuwa na mnyama wa kuwala, basi wakazaana, wakatafuna miche, na ikaonekana kwamba miteremko inaporomoka kwa sababu yao. Miaka ya 1930 serikali ikaanza kuajiri watu wa kuwaua. Mwaka 1956 kazi hiyo ikahamia Idara ya Misitu, nayo ikajenga vibanda mamia kwa mamia katika mabonde yasiyo na barabara, vifaa vingine vikidondoshwa na ndege. Baadaye helikopta zikaingia kwenye biashara ya nyama ya kulungu, na mtu mwenye bunduki na mfuko wa unga hakuhitajika tena. Idara yenyewe ikavunjwa 1987. Leo Idara ya Uhifadhi inasimamia vibanda zaidi ya 900 nchi nzima. Vya njia za watalii vinapigwa rangi. Vya mabonde kama hili vinategemea wanaovipenda.

Na wapo. Kundi la Permolat la pwani hii limechukua jina la vile vipande vya bati jembamba vyenye rangi, vilivyopigiliwa kwenye miti kuonyesha njia. Kuna pia Back Country Trust, iliyoanzishwa na vyama vya watembea milima, wawindaji na waendesha baiskeli. Hiyo husaidia hela ya vifaa. Jasho unakuja nalo mwenyewe.

Tulianza na paa. Mabati ya zamani yalipigiliwa misumari yenye kofia ya madini ya risasi, kwa sababu risasi ni laini na inaziba tundu vizuri. Kazi safi, naisifu kama fundi. Tatizo ni kea, kasuku wa milima ya huku, ambaye hutafuna kila kitu na risasi anaipenda kwa utamu wake. Inamuua. Kwa hiyo kila msumari uling'olewa kwa mkono, ukatiwa kwenye kopo, na ukianguka nyasini unautafuta kwa magoti mpaka uuone. Nilihesabu hadi mia mbili nikaacha. Kea wawili walikaa kwenye mgongo wa paa wakitusimamia, mmoja akaondoka na glavu yangu ya kushoto.

Ugomvi ulitokea ndani. Nguzo mbili karibu na mlango zilikuwa zimeoza chini. Ukizibonyeza kwa bisibisi inazama kama kwenye mkate. Nikasema tung'oe ukuta wote wa upande ule, tuweke mbao mpya, kwa muda wa saa nne tumemaliza. Mzee akasimama mbele ya ukuta.

"Huo usiuguse."

Juu ya kitanda kulikuwa na ubao wenye maandishi ya penseli. Mtu alihesabu siku za mvua kwa vijiti, vilikuwa tisa, na chini yake akaandika kwamba unga umeisha. Mimi nikaona ubao mchafu. Mzee hakujua aliyeandika, alijua njaa yenyewe.

Basi tukafanya kwa njia ya tabu. Tukabandua mbao moja moja, kila moja nikaiandika namba nyuma kwa chaki. Nguzo sikuzitoa zima. Nilikata sehemu iliyooza, nikaunga kipande kipya nusu kwa nusu na kukaza kwa bolti. Siku nzima ikaisha kwa kazi ya saa nne. Moyoni nilikuwa nanung'unika.

Katika kunung'unika huko nikamkumbuka babu. Alikuwa mpagazi Kilimanjaro, na kibanda cha Horombo alikiita Pitasi hadi anakufa, kwa sababu alikikuta kikiitwa kwa jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, kama kibanda cha Mandara kilivyoitwa Bismarck. Nilikuwa namcheka. Majina ya mangi wetu, machifu wa Wachaga, yalirudi, ni haki yake, lakini babu aliyepandisha mizigo ya wageni miaka yote hiyo hakuandikwa kwenye ubao wowote ninaoujua.

Kabla ya kurudisha mbao nikachukua penseli ya fundi, nikaandika jina lake na Marangu kwenye kile kipande kipya, mahali ambapo hapataonekana mpaka kioze. Sikujua Mzee yuko nyuma yangu.

"Weka na mwaka," akasema. "Fundi atakayekuja atataka kujua mbao imekaa muda gani."

Nikaweka.

Usiku wa mwisho mvua ikarudi na nguvu zake zote. Nililala macho wazi nikisikiliza paa langu. Kimya, kimya, halafu tone moja, kando ya bomba la moshi, pale nilipoishiwa silikoni. Sikusema kitu. Gizani Mzee akanyoosha mkono, akavuta sufuria, akaiweka chini ya tone, akageukia ukutani.