Laiseni iko, ila kichwa ndio kimeshika kutu

Watu wakiskia nimerudi kurusha ndege, swali la kwanza huwa ni kama mikono bado inakumbuka. Mikono haina shida bana. Nilishika usukani, nikataka kushoto ndege ikaenda kushoto, kutua kulikuwa na mdundo kidogo lakini hakuna kitu kilivunjika. Shida ni kichwa. Kichwa kinabaki nyuma ya ndege, yaani ndege ishapita Lang'ata na mimi akilini bado niko kule chini tunapasha injini. Instrakta alinigeukia akasema, “Kapteni, hii ndege imekuacha, ifuate.” Tukacheka wote wawili, ila alikuwa anamaanisha.

Mimi ni wale marubani wa masaa machache, PPL ya kawaida tu, yaani laiseni ya rubani binafsi, nilisoma nikiwa sina watoto na mshahara ulikuwa unabaki, halafu maisha yakaja, school fees, korona ikafunga kila kitu, laiseni ikalala kwa droo pamoja na pasipoti. Kurudi kwenyewe si mambo ya ajabu, unaenda kwa daktari wa marubani upate medikali mpya, unamalizana na makaratasi ya KCAA, wale wasimamizi wa usafiri wa anga Kenya, unapanda na instrakta mpaka aridhike. Sasa kuna ile sheria ya kubeba abiria, lazima uwe umepaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita. Mara 3! Hiyo unaweza kuimaliza asubuhi moja ukizunguka tu uwanja na mchana ukaweka watoto kwa kiti cha nyuma. Ni halali ndio, lakini mimi kama ningekuwa abiria wa rubani kama huyo ningeshuka.

Na Wilson, uwanja wa ndege ndogo hapa Nairobi ninaporukia, haikuhurumii. Uwanja uko karibu futi 5,500 juu ya bahari, na kwa hesabu ya vitabu urefu huo joto linafaa kuwa kama nyuzi 4 tu. Sasa njoo Februari saa nane mchana uone, nyuzi 27 bila aibu, hewa imekonda mpaka ndege inajiskia iko futi elfu nane na kitu, yaani magurudumu yako kwa lami hapo Lang'ata Road lakini injini inapumua hewa ya kilele cha Ngong. Zile Cessna 172, ndege ndogo za nguvu za farasi 160, hapo hazikupi farasi wote, wengine wamebaki Mombasa. Ndio maana aliyesomea pwani akija hapa akasukuma mikscha, ile nobu nyekundu ya kupima mafuta yanayochanganyika na hewa, mpaka mwisho vile amezoea, injini inalewa mafuta na inavuta kwa uvivu. Hapa unapandisha mizunguko ya injini mpaka kama 1,800 hivi kwa dakika, unavuta ile nobu polepole, unaskiliza: sauti inakuwa safi, sindano ya mizunguko inapanda kidogo, halafu injini inaanza kusita kama inataka kukohoa, unarudisha mbele kiasi. Hiyo dakika moja naipenda kuliko kupaa kwenyewe, sijui kwa nini.

Kutua nako kuna mtego wake. Saa ya mwendo inakuambia noti 65 (maili za baharini kwa saa) na ni kweli hiyo ndiyo unataka, lakini kwa hewa nyembamba hivi ndege inakata upepo kwa noti 72 hivi, kwa hivyo ardhi inakuja mbio kuliko macho yanavyotarajia na mkono unaanza kuvuta ili upunguze. Usivute. Amini hiyo saa ya mwendo, na ukubali utatumia lami ndefu zaidi kusimama.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni redio. Wilson kuna njia mbili za kurukia, 07/25 na 14/32 (namba ni mwelekeo wa dira), na asubuhi wote wako pale: ndege za kwenda Mara, madaktari wa ndege wa AMREF wanakimbilia mgonjwa, wanafunzi wanazunguka, na wewe katikati na sauti inatetemeka. Mnara wa kuongoza ndege unakurushia sentensi moja ndefu, upepo, urefu, namba za transponda (kifaa kinachokutambulisha kwa rada), wewe ni wa pili nyuma ya fulani, sema ukimwona, na unatakiwa uirudishe yote hapo hapo huku unaangalia mwewe na makorongo wanaopanda na joto upande wa National Park. Dawa niliyopata ni ya bure, nikiosha vyombo jioni najipigia redio kwa sauti, najipa ruhusa na kuirudia. Mama watoto ashajua huo mchezo, siku hizi akiwa sebuleni anajibu kama mnara: “Subiri hapo hapo, kuna takataka mbele yako, ipeleke nje kwanza.” Na lazima nirudie neno kwa neno!

Pesa nayo tuongee. Saa moja hewani na instrakta ni kodi ya nyumba ya mtu huko Rongai, kwa hivyo utapata wa kukushauri uweke akiba upige safari moja ya nguvu kila baada ya miezi kadhaa, ufike Naivasha, upige picha. Kwa rubani mwenye masaa mengi sawa. Kwa sisi wengine nakataa, kwa sababu kila ukirudi unalipa nusu ya hiyo saa kujikumbusha vitu ulivyojua juzi. Afadhali sakiti, yaani kupaa, kuzunguka uwanja na kutua, fupi fupi mara kwa mara, asubuhi na mapema kabla hewa ya Ngong haijaanza kurusha watu, hata kama picha ni zile zile kila wiki. Na ukimaliza keti Aero Club, klabu ya marubani hapo Wilson, unywe chai, hiyo klabu iko tangu 1927, wazee wa pale ukiwauliza swali moja la upepo wa njia ya 14 wanakupa darasa ambalo ungelilipia.

Abiria bado. Nimeambia nyumbani kwamba sibebi mtu mpaka nimalize sakiti nzima bila instrakta kufungua mdomo, si kwa redio si kwa throto (ile nobu ya nguvu ya injini), na mpaka sasa bado anafungua. Watoto lakini washaanza kugombania kiti cha mbele, mkubwa anasema ni chake kwa sababu ya umri na mdogo anasema yeye ndiye mwepesi, na kwa hewa ya Wilson saa nane mchana, huyo mdogo ana pointi.