Zote au tupa: daftari la poka, wiki ya sita

Jumamosi nimetoka wa nne tena. Tulikuwa wanane, mchango 5,000 kila mtu, na wanaolipwa ni watatu: 20,000, 12,000 na 8,000. Wa nne anaosha vyombo.

Kwa anayeanza kunisoma leo: poka yote siiwezi, najifunza kipande kimoja tu. Ni pale kete zinapobaki chache, ama utie zote ama utupe karata. Mpaka niliojiwekea ni madau makubwa 10. Una kete 1,000, dau kubwa la lazima ni 100. Ukipandisha hadi 300 halafu ukatishwa ukatupa, karibu theluthi ya mali imeungua na hujaona hata karata moja ya mezani (kila mtu ana mbili zake, nyingine hufunuliwa mezani kwa wote).

Hesabu iliyonila wiki mbili ni hii. Niko kwenye dau dogo la lazima, nimeshaweka 50, wote wametupa, kabaki jirani wa dau kubwa. Nikitupa, nina 950. Nikitia zote naye akatupa, nina 1,100. Akifuata, na karata zangu zina asilimia 40 ya kushinda, wastani wangu ni 800. Basi akitupa nusu ya mara zote, sijapata wala sijakosa. Akizidisha hapo, nakula. Ila nikiwa na 2,500, lazima atupe mara tatu katika nne.

Sasa geuza meza. Yeye katia zote, mimi niko dau kubwa: naongeza 900 kugombea 2,000, kwa hiyo nahitaji asilimia 45. Na hapo hakuna tena wa kumtisha. Anayetia anashinda kwa mwenzake kuogopa au kwa karata. Anayefuata ana karata tu.

Mazoezi nafanyia kwenye sinia la chai. Nagawa mikono 40 kila usiku na kutaja jibu kwa sauti. Mke wangu akisikia "tupa, tupa, zote, tupa" chumbani, anafunga mlango. Daftari limenishtua: nilijidhania mtu wa pupa, kumbe mwoga. Mzungu wa nne, yaani K, na 7 (bibi yangu wa Tanga hakuwahi kumwita mfalme) nimemtupa mara 11 kati ya 14 nikiwa dau dogo na madau 10, na huyo ni wa kutia bila kufikiri.

Labda ndiyo maana Jumamosi nilitaka kujionyesha. Tumebaki wanne, kete karibu sawa. Aliyenitangulia akatia zote. Nina ree ya shupaza na J ya kopa. Nikafuata papo hapo. Akafunua nane mbili, na mezani hakikushuka cha kunifaa.

Ree na J dhidi ya nane mbili ni takriban asilimia 45. Nikajiambia nimefuata sawasawa, bahati tu. Jumapili nikashika kalamu.

Wanne wenye kete sawa, kila mmoja ana haki ya 10,000 katika zile 40,000. Ningeshinda, ningekuwa na nusu ya kete, wenzangu wawili robo robo. Nafasi yangu ya kuwa wa kwanza ni nusu, wa pili theluthi, wa tatu moja ya sita: 10,000, jumlisha 4,000, jumlisha 1,333. Ni 15,333. Kete zimezidi mara mbili, pesa hazikuzidi mara mbili! Nilihatarisha 10,000 nipate 5,333, mkono uliohitaji asilimia 65. Njia hii ya kugeuza kete kuwa pesa Mason Malmuth, mwandishi wa vitabu vya poka, aliiandika 1987. Mimi imenifikia kwenye beseni la masufuria.

Kilichoninyima usingizi ni hiki: hata ree na K, mkono bora kuliko wangu, rangi tofauti, dhidi ya karata zozote mbili, inashinda asilimia 65 hivi. Yaani hata jirani angekuwa anatia kwa kufumba macho, ningekuwa nimefika mpakani tu. Na huyu jirani namjua, hafumbi macho.

Nimeandika kwa wino mwekundu: wanne, kete sawa, mwingine katia, ree na K tupa. Jumamosi ijayo nikipewa, sijui kama mkono utanitii.