Deni la Kikundi Tulichokwisha Kukihama

Barua ilifika Mei 2010, ndani ya bahasha nene ya Jimbo la New York. Nilidhani ni fomu za kila mwaka. Ukurasa wa pili ndio ulikuwa na tarakimu: dola 38,400, deni la kikundi cha bima tulichowahi kuwamo, zilipwe ndani ya siku 30.

Nilikuwa nashika vitabu vya kampuni ya mzee mmoja wa Unguja, huko Bronx. Magari tisa, kazi yake kuwapeleka kliniki wagonjwa wa viti vya magurudumu. Nikamwekea barua mezani. Aliisoma polepole, akavua miwani.

"Mwanangu, hawa si tuliachana nao?"

"Tuliachana nao, Mzee. Mwisho wa 2006."

New York kila mwajiri lazima awe na bima ya fidia kwa wafanyakazi. Sheria hiyo ina historia ya machozi: ya kwanza ilifutwa na mahakama kuu ya jimbo Machi 24, 1911, na kesho yake kiwanda cha nguo cha Triangle kikaungua, wakafa watu 146. Ikabidi katiba ya jimbo ibadilishwe ndipo sheria mpya ianze kazi mwaka 1914. Kwa hiyo kukata bima hakuna mjadala, na mimi sitaki uwepo. Tatizo ni bei. Tangu 1966 waajiri wa kazi moja waliruhusiwa kuungana, wachange mfuko wao na kujilipia wenyewe majeruhi wao. Sisi tuliingia Januari 2003 kwa sababu tungeokoa karibu dola 4,000 kwa mwaka. Fomu niliijaza mimi. Ndani yake kulikuwa na mstari kwamba wanachama wanawajibika kwa madeni ya kikundi kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Niliusoma, nikageuza ukurasa.

Mama yangu, Tanga, alikuwa kwenye kikundi cha mikopo cha wanawake watano. Mmoja akikwama, wanne wanalipa. Lakini mama aliujua mlango wa kila mmoja wao, na alijua nani mumewe kaacha kazi. Mimi nilimdhaminisha Mzee kwa mamia ya kampuni ambazo hata majina yake sikuyajua.

Vikundi kadhaa vya jimbo vilianguka kuanzia 2007 na 2008. Namna vilivyoanguka si fumbo. Dereva akiumia mgongo leo, anaweza kulipwa miaka ishirini. Kikundi kikikadiria deni hilo kwa uchache, michango inakuwa nafuu na wanachama wapya wanamiminika, lakini akiba haitoshi. Wasimamizi wakaondoka, Bodi ya Fidia ya jimbo ikachukua usukani. Fedha za kuwalipa majeruhi zilipaswa kutoka kwetu, hata sisi tuliokwishahama, kwa miaka ile tuliyokuwa ndani.

Hiyo "miaka ile" ndiyo iliyotusaidia. Nilitoa faili lote, nikapanga sakafuni barua ya kujiunga, barua ya kujitoa, na orodha za mishahara mwaka kwa mwaka. Hesabu yao ilikuwa imeingiza na mishahara ya 2007, wakati kuanzia Januari 1, 2007 tulikuwa tayari kwenye mfuko wa bima wa jimbo. Nikaandika barua fupi, nikaambatanisha nakala za vyeti viwili vya bima, nikaituma kwa rejista. Baada ya wiki kumi na moja deni likashuka hadi dola 29,600. Tukaomba kulipa kwa mafungu ya kila mwezi, tukakubaliwa.

Kilichomnyima Mzee usingizi kilikuwa kingine: deni lile lilikuwa makadirio tu. Majeruhi wakizidi gharama, bili nyingine ingekuja. Mwaka 2011 bunge la jimbo, kule Albany, likazuia vikundi vipya na kuvibana vilivyobaki, sawa, lakini sisi tulikuwa tumeshaungua. Nafuu ilikuja na sheria ya 2013, aliyoisaini gavana Andrew Cuomo pamoja na bajeti. Iliruhusu hatifungani za hadi dola milioni 900, ili madai ya vikundi vilivyoanguka yahamishiwe kwenye kampuni ya bima, nayo ilipwe mara moja kuyabeba. Wanachama nao wakapewa nafasi ya kukubali kiasi cha mwisho kisichobadilika tena.

Kiasi chetu kilizidi kidogo salio tulilokuwa tunalipa. Nilimshauri Mzee akubali.

"Tunalipa zaidi, mwanangu?"

"Tunalipa zaidi, Mzee, lakini tunajua mwisho wake."

Akasaini siku ileile. Fungu la mwisho nililipeleka mwenyewe posta.

Katika kikundi kile alikuwamo dereva wetu mmoja, aliyeumia bega mwaka 2005 lifti ya gari iliponasa na kiti kikamwelemea. Miaka yote hiyo ya barua na vuta nikuvute, hundi yake haikukatika. Alikuwa akipita ofisini kutusalimu, na bega lile hakuweza kuliinua kupita kifua.