Nilikandwa arubaini Wayanad, miaka mitatu baada ya kuzaa

Mwanangu wa kwanza nilimzaa Maskati mwaka 2014, na mama hakuweza kuja kwa sababu baba alikua kalazwa Unguja na hapakua na mwengine wa kumuuguza. Mume wangu alijitahidi, hilo namshuhudia mpaka kesho, alipika alifua alikesha na mtoto, lakini kwetu mzazi anakandwa na wanawake wenziwe. Asubuhi na jioni maji ya moto yaliyochemshwa na majani, mafuta, unafungwa tumbo kwa kanga, unapewa uji wa pilipili manga unaokutoa jasho mpaka utosini, hivyo hivyo mpaka arubaini itimie. Mie sikukandwa hata siku moja. Likizo ya uzazi wakati ule ilikua siku 50, zilipoisha nikarudi kazini na maumivu ya mgongo na nikakaa nayo miaka mitatu. Nilipigwa picha, nikapewa vidonge, nikaambiwa hakuna kitu. Usiku silali, mtoto kalala mume kalala mie nimekodoa macho kwenye simu mpaka saa nane saa tisa.

Kazini kwangu manesi wengi wanatoka Kerala, kusini mwa India, na mmoja tuliyezoeana sana akaniambia shoga nenda kwetu mwezi wa Karkidakam, mjomba wangu ni vaidya, yani tabibu wa ayurveda, yuko milimani Wayanad na kila mwaka anapokea watu wachache. Karkidakam ni mwezi wa mwisho wa kalenda yao, unaanza katikati ya Julai, mvua imekolea, na wao wanaamini mwili wakati huo umelainika na unapokea dawa. Ni kusi yetu hii hii, upepo unaopiga Unguja ndio unaowapelekea wao mvua.

Basi Julai 2017 mtoto nikampeleka kwa bibi yake, nikapanda ndege mpaka Kozhikode, kama saa tatu hivi kutoka Maskati, halafu gari kupanda ule mlima wa Thamarassery wenye kona tisa, ukungu mtupu, tumbili wamejikunyata pembeni ya barabara. Kipande cha mwisho gari haiingii. Tulitembea ndani ya mashamba ya kahawa, na juu ya miti nikaona pilipili manga imepanda na vichane vyake vya kijani vinaning'inia, kama vile niko Kizimbani, kwenye mashamba yetu ya viungo Unguja. Kijana aliyetupokea alishika fimbo ina kitambaa cha chumvi kimefungwa nchani, kila hatua kumi anainama anagusa miguu yetu, ruba wanadondoka.

Umeme hakuna. Kulikua na paneli moja ya sola inayowasha taa mbili za jikoni, basi, wengine wote chemli. Simu haishiki mtandao. Usiku wa kwanza giza lilinitisha, sijawahi kuona giza la namna ile tangu utoto wangu shamba, mvua inapiga vigae na vyura wanapokezana, nikawa namuwaza mwanangu tu. Milima ile ile ya Wayanad, tarehe 30 Julai 2024, iliporomoka usiku watu wamelala, Mundakkai na Chooralmala, wakafa watu zaidi ya 200. Siku ile nilipiga simu huku natetemeka mpaka nikaambiwa wako salama. Siwezi tena kuizungumza mvua ya kule bila kuwakumbuka waliokwenda.

Yoga ilikua alfajiri. Mwalimu alisema wakati bora unaanza muhurta mbili kabla jua halijatoka, kila muhurta ni dakika 48, wanauita brahma muhurta, na mie saa hizo nimeshatawadha nasali zangu, bibi yangu akisema ndio saa ya rizki kugawiwa usilale. Nikimaliza kusali nakwenda kwenye lile banda la mbao nawakuta wenzangu. Wakiimba yale maneno yao mie nakaa kimya navuta pumzi, hakuna aliyenilazimisha, na hiyo heshima sijaisahau. Kilichonifaa zaidi ni pumzi, unaziba tundu moja la pua unavuta kwa jengine, unabadilisha, taratibu. Siku ya tatu nililala saa mbili usiku, nikashtukia alfajiri.

Lakini niliyetaka kumueleza hasa ni Amma, mama aliyenikanda. Vaidya alinishika mkono kwa vidole vitatu akasikiliza mapigo, akaniuliza usingizi, choo, chakula, akaandika, akanikabidhi kwa yule mama. Mwanamke mfupi, mvi tupu, viganja vigumu kama vya mtu aliyekuna nazi maisha yake yote. Nikalala kwenye ubao mmoja mrefu uliochongwa kutoka gogo zima, una kingo ili mafuta yasimwagike, na mafuta yenyewe ni ya ufuta yamepikwa na mizizi, ya moto, yanamiminwa halafu viganja vinafuata. Alipofika kiunoni akasita. Akabonyeza pahala pamoja kwa kidole gumba, pale pale panaponichoma, akasema kitu kwa msichana anayetutafsiria. Msichana akaniambia, "Anauliza, ulipozaa nani alikukanda?"

Nikasema hakuna.

Amma akarudia lile neno kwa lugha yake kama vile hajasikia vizuri, halafu akaanza kulalamika peke yake, msichana hata hakutafsiri, na mie machozi yananitoka yanachanganyika na mafuta. Kumbe na kwao mzazi anakandwa, na mafuta yale yale, dhanwantharam wanayaita, na anaogeshwa maji ya majani. Kesho yake akabadilisha kila kitu. Akachemsha sufuria kubwa la shaba kwa kuni, majani ya mfenesi na ya mkwaju, akanimiminia kiunoni kwa kata, ananipiga piga na kitambaa cha moto, halafu akanifunga tumbo kwa shuka nyeupe, ile wanayojifunga kiunoni na kuiita mundu, kakaza mpaka nikakaa wima. Akaniletea uji, wanauita kanji, una uwatu, tui la nazi na pilipili manga. Nilipoonja tu nikaweka bakuli chini, ilibidi nipumue kwanza. Akaniita "mole", msichana akanambia maana yake binti.

Siku saba alinifanyia vile. Saba si arubaini, najua, na mgongo haukupona siku hiyo hiyo, lakini nilishuka ule mlima nimekaa kwenye gari kwa saa mbili bila ya kujigeuza geuza, jambo ambalo sikuliweza tangu 2014.

Nilipokwenda Unguja kumchukua mwanangu nikampa mama ile chupa ya mafuta niliyofungiwa na Amma. Akafungua kifuniko, akanusa, akajipaka kidogo kwenye kiganja akasugua. "Ufuta huu," akasema. Nikamsimulia yote, mpaka lile swali. Mama hakujibu. Akenda akaleta mkeka akautandika ukumbini, akafunga mlango, akakunja mikono ya gauni lake.

"Lala hapo," akaniambia.